Miguu Yetu na Siku ya Bwana

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwanzo 5:21–24, 1 Wafalme 19:1–9, Isaya 58:13, 14, Marko 2:23–28, Luka 24:13–35, Matendo 16:11–15.

Wazo kuu: Kutembea hulisha imani pale tunapokubali kwenda kwa mwendo wa Mungu na wa jirani, wala si kwa haraka ya shughuli zetu.

SABATO MCHANA

Hapa Igawa, ambapo barabara kuu ya kutoka Makambako kwenda Mbeya inavuka Mto Mbarali, kutembea si starehe. Mama anatembea kwenda sokoni kwa kuwa hana nauli. Mkulima anatembea kwenda kwenye majaruba ya mpunga kabla jua halijachomoza. Basi mtu akituambia kwamba kutembea ni chakula cha imani, tunaweza kumjibu, “Mbona tungekuwa tumeshiba zamani!” Juma hili tutachunguza ni nini kinachotofautisha mwendo unaochosha tu na mwendo unaojenga roho, hasa siku ya Sabato, miguu ileile inapopumzishwa kazi.

JUMAPILI: Mwenendo wa Henoko

Soma Mwanzo 5:21–24. Henoko alikuwa na shughuli gani nyingine wakati alipokuwa akienda na Mungu?

Kwa Kiswahili, tabia ya mtu huitwa mwenendo, neno linalotokana na kwenda. Henoko hakujitenga na watu. Alizaa wana na binti, alikuwa na nyumba ya kulisha. Hata hivyo alikwenda na Mungu kwa miaka 300. Mtu anayefuatana na mwenzake hamwachi nyuma wala hamtangulii. Analinganisha hatua zake na za mwenzake. Huo ndio utii wa kila siku.

JUMATATU: Mkate Kwanza, Safari Baadaye

Soma 1 Wafalme 19:1–9. Mungu alimfanyia Eliya nini kabla ya kumtuma njiani?

Eliya alikimbia akiwa amevunjika moyo hata akaomba kufa. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale, akamlisha na kumnywesha, mara mbili, kisha ndipo akamwongoza katika safari ya siku 40 hadi Horebu. Katika kitabu cha Huduma ya Uponyaji, kilichotolewa mwaka 1905, Ellen White aliweka pumziko na mazoezi pamoja katika orodha moja ya tiba za asili, na kumtumaini Mungu kukiwa ndani ya orodha hiyo hiyo.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma. Kwa anayekaa ofisini au dukani, matembezi ni dawa. Kwa aliyepandikiza mpunga siku sita akiwa ameinama, huenda dawa ya Sabato ni kuketi kivulini. Tusimwekee mzigo.

JUMANNE: Njia ya Emau

Soma Luka 24:13–35. Yesu alianza mazungumzo kwa namna gani?

Stadia 60 ni kama kilomita 11, mwendo wa saa mbili au tatu. Yesu aliyefufuka angeweza kuwatokea wale wawili mara moja na kumaliza huzuni yao. Badala yake alitembea nao. Aliwauliza kwanza, akawaacha waseme uchungu wao wote, ndipo akawafafanulia Maandiko. Kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyasema akitazamwa usoni na wazee watatu sebuleni, lakini atayasema mkitembea bega kwa bega. Na angalia matokeo: waliochoka waliinuka usiku uleule wakarudi Yerusalemu.

JUMATANO: Sabato Katikati ya Majaruba

Soma Isaya 58:13, 14 na Marko 2:23–28. Kwa nini Isaya anautaja mguu?

Tuseme zamu yako ya maji imeangukia Sabato, nawe umebadilishana siku na mwenzako. Umefanya vema. Lakini baada ya chakula unasema, “Ngoja ninyooshe miguu,” na miguu inakupeleka moja kwa moja kwenye jaruba lako. Unatazama tuta gani limebomoka na nani ameziba mfereji. Jembe huna mkononi, lakini moyo unalima.

Je, basi shamba ni mwiko siku ya Sabato? Hapana. Yesu mwenyewe alipita katikati ya mashamba siku hiyo, na wanafunzi wenye njaa wakala. Alifundisha kwamba siku hii iliwekwa ili imfae mwanadamu. Tofauti iko katika kinachotuvuta kwenda huko. Unaweza kupita kati ya mpunga ukimshukuru Mwenye mvua, au ukikadiria magunia. Kama huwezi kujizuia kukadiria, chagua njia nyingine.

ALHAMISI: Kando ya Mto

Soma Matendo 16:11–15. Paulo alitumiaje miguu yake siku ya Sabato?

Huko Filipi, Paulo na wenzake walitoka nje ya lango hadi mtoni, wakaketi na kuzungumza na wanawake waliokusanyika. Lidia alimpokea Bwana kwa sababu ya matembezi hayo. Mwaka 1903, wamisionari Johannes Ehlers na A. C. Enns walipokwenda Upare kuanza kazi ya Waadventista katika nchi yetu, reli ya kutoka Tanga ilikuwa haijafika huko.

Leo bodaboda inatufikisha kanisani upesi, nasi twashukuru. Lakini inatupitisha pia mbele ya nyumba ya ndugu aliyeacha kuja tangu alipofiwa, bila hata kumwona mlangoni. Anayetembea ni lazima asalimie.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Darasa lenu lipange matembezi ya Sabato mchana. Epukeni kandokando ya lami kwa ajili ya malori. Fuateni njia za ndani. Mwendo uwe wa mzee na mtoto aliye mdogo kuliko wote. Wenye uwezo wanaweza siku moja kupanda kutoka Chimala kwa ile barabara ya kona 57 hadi Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambayo kwa maua yake ya masika wenyeji waliiita Bustani ya Mungu. Lakini asiye na nauli hajapungukiwa: njia ya kwenda kwa jirani inatosha.

Maswali ya kujadili:

1. Mkulima ambaye hakupata wa kubadilishana naye zamu ya maji, kanisa limsaidieje kabla ya kumshauri?

2. Ni nani katika kundi lenu anayehitaji mtu wa kutembea naye, si wa kumhubiria? Nani atakwenda Sabato hii?