SOMO LA UFUNDI: UVUJAJI WA PETROLI NA KUFURIKA KWA KABURETA KATIKA GARI LA ZAMANI LILILOHIFADHIWA

Watumishi wa Serikali na wakaazi wenye magari ya zamani yaliyokaa muda mrefu bila ya kutumika wanakumbushwa kwamba gari la namna hiyo lisipigwe stata kabla ya kuchunguzwa njia yake yote ya petroli, kuanzia tangini hadi kwenye kabureta. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka, hutambaa sakafuni na kujikusanya ndani ya banda lililofungwa, na cheche moja ya swichi au ya betri yatosha kuuwasha.

Somo hili linahusu mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: petroli inayovuja katika tangi na mabomba, na petroli inayofurika katika kabureta. Harufu yake ni moja, lakini tiba zake ni mbali mbali. Mwenye gari anayekaza klipu za mipira ilhali kasoro imo ndani ya kabureta hupoteza kazi yake, na hatari hubaki pale pale.

Mfano unaotumika hapa ni Morris Minor 1000, gari la Kiingereza lililoanza kutolewa mwaka 1956. Tangi lake liko nyuma, chini ya buti. Pampu yake ya umeme aina ya SU iko mbele, chini ya boneti. Na kabureta yake pia ni ya SU.

SABABU ZA KASORO

Gari likikaa, petroli iliyomo ndani ya kabureta huvukiza na kuacha utomvu unaonata. Utomvu huo huikwamisha sindano inayofungua na kufunga njia ya petroli. Kutu ya tangi nayo husafiri hadi chini ya sindano na kuizuia isifunge. Mipira na gasketi hukauka na kupasuka, hasa zile za zamani zinapokutana na petroli iliyochanganywa ethanoli. Katika visiwa, hewa ya chumvi huongeza kutu katika mabomba ya chuma yapitayo chini ya gari.

MATAYARISHO

(a) Gari lisukumwe nje kwa mikono, mahali penye upepo, mbali na jiko, taa ya moto na wavutaji sigara.

(b) Waya wa betri ufunguliwe. Mtungi wa kuzimia moto uwekwe karibu, na mtu wa pili awepo.

(c) Karatasi safi au kadibodi itandikwe chini ya gari, mbele na nyuma, ili tone lolote lionekane lilipodondokea.

HATUA YA KWANZA: SWICHI IKIWA IMEZIMWA

Katika Morris Minor, kabureta iko juu kuliko tangi. Kwa hiyo petroli haiendi mbele yenyewe. Tone linaloonekana nyuma wakati swichi imezimwa hutokana na tangi, kizibo chake cha chini, gasketi ya geji au bomba linalotoka tangini. Mpira wa mdomo wa kujazia huvuja zaidi tangi likiwa limejaa. Kasoro yoyote itakayoonekana hapa irekebishwe kwanza, na hatua inayofuata isubiri.

HATUA YA PILI: KUISIKILIZA PAMPU

Betri iunganishwe tena baada ya harufu kutoweka kabisa. Swichi ifunguliwe bila ya kupiga stata, na mtu wa pili awe tayari kuifunga mara moja. Pampu iliyo nzima hugonga kwa haraka, kisha hupunguza na kunyamaza pindi kabureta inapojaa. Mlio huo ufahamike hivi:

1. Ikigonga na kunyamaza, na pasionekane unyevu popote, njia ya petroli na sindano zinafanya kazi.

2. Ikigonga bila ya kukoma na petroli ikatoka katika kijibomba cha kumwagia kilicho kwenye kifuniko cha chumba cha boya, kabureta inafurika. Swichi ifungwe papo hapo.

3. Ikigonga bila ya kukoma na kabureta ikabaki kavu, ama bomba baada ya pampu linavuja, ama hewa inaingia kabla ya pampu, ama tangi ni tupu.

4. Isipogonga kabisa, umeme haufiki au platini zake zimeota kutu.

Kipimo hiki hakifai kwa magari ambayo pampu yake huendeshwa na injini.

HATUA YA TATU: KUIFUNGUA KABURETA

Betri ifunguliwe tena. Baadhi ya mafundi hugonga kifuniko cha chumba cha boya taratibu kwa mpini wa bisibisi, na petroli ikaacha kumwagika. Hilo ni kipimo tu, si matengenezo: linaonesha kwamba sindano ilikwama, na itakwama tena.

Kifuniko kifunguliwe, sindano na kiti chake visafishwe, na sindano yenye alama ya kulika kwenye ncha ibadilishwe. Boya litikiswe karibu na sikio. Likisikika maji maji ndani, limetoboka na haliwezi kuelea. Boya la shaba lisichomewe risasi kabla ya petroli yote kutoka ndani yake. Petroli ikidondoka chini ya jeti na si katika kijibomba cha kumwagia, mipira ya jeti ndiyo ya kuangaliwa.

KABLA YA KUPIGA STATA

Kijiti cha kupimia oili kichomolewe. Oili iliyopanda kupita alama, ikawa nyepesi na kunuka petroli, imeingiliwa na petroli iliyofurika, nayo haiwezi tena kuzilinda beringi. Imwagwe na kubadilishwa. Plagi zilizolowa zitolewe na kukaushwa.

Petroli kuukuu isimwagwe mtaroni wala karibu na kisima. Mwenye gari asiyekuwa na zana au uzoefu anashauriwa kuishia hatua ya kwanza, aiache betri ikiwa imefunguliwa, na kumwita fundi.