Laptopu ya Kikundi Ikikataa Waifai

Ndugu wa vikundi, kabla hatujatoa pesa za chama kwa fundi wa Nyeri mjini au Karatina, tujaribu haya:

1. Washeni hotspoti ya simu. Simu nyingine ikishika na laptopu ikikataa, shida iko kwa laptopu.

2. Tazameni alama ya ndege. Ikiwa imewashwa, izimeni.

3. Zimeni laptopu kabisa, kisha muiwashe tena.

4. Pitisheni intaneti ya simu kwa waya ya USB. Ikiingia, kadi ya waifai au programu yake ndiyo mbovu. Sasisheni programu hiyo kwanza.

Bado? Kadi ndogo ya kuchomeka kwa USB yatosha. Tusikimbilie kununua laptopu mpya. Katibu aandike kila hatua, fundi asianze kubahatisha.