Gauni la "pamba tupu"

Swali: Mbunifu mmoja hapa Dar es Salaam ananiuzia gauni la kitenge kwa bei kubwa, akisema ni pamba tupu na halichafui mazingira. Nitaaminije?

Jibu: Muombe uzi mmoja wa kitambaa hicho, uuchome mbali na nguo. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na huacha jivu laini. Poliesta huyeyuka, ikipoa inakuwa kidonge kigumu. Usitegemee maandishi ya pembeni, vitenge vingi vya bei rahisi hudanganya hapo. Kisha ligeuze gauni upande wa ndani: mbunifu makini huacha akiba kwenye mishono, ukinenepa fundi analiachia. Rangi ni suala jingine kwa mazingira. Muulize zimetoka wapi. Bei ikikushinda, nenda mitumbani Ilala utafute kitani, nacho hakikulimiwa shamba jipya kwa ajili yako.