Neno linaloweza kuunguza

Leo tunajifunza maneno matatu ya Kiingereza.

1. Visible: chenye kuonekana. The moon is visible: mwezi unaonekana.

2. Invisible: kisichoonekana. The wind is invisible: upepo hauonekani. Hapa in- ya mwanzo inakanusha.

3. Inflammable: chenye kuwaka upesi. Petrol is inflammable: petroli huwaka upesi.

Angalieni, watoto! Hapa in- haikanushi. Neno limetoka katika Kilatini inflammare, maana yake kuwasha moto. Mwenye kubahatisha akilisoma juu ya pipa, atadhani kilichomo hakiwaki. Atasogeza taa, naye ataungua.

Basi, usibahatishe. Jifunze maana ya neno pamoja na mfano wake.

Maulizo: Neno la tatu hudanganya namna gani? Tunga mfano mmoja kwa kila neno.