Dondoo muhimu: Printa ya Wi-Fi katika ghorofa za Kariakoo

Printa ikigoma kuungana na Wi-Fi ya nyumbani, chunguza kwanza mtandao kabla hujairudisha dukani.

1. Unganisha printa kwenye masafa ya gigahezi 2.4, kwa kuwa printa nyingi za bei nafuu hazipokei gigahezi 5 kabisa. Utaambiwa gigahezi 5 ina kasi zaidi. Ni kweli, lakini kuchapa kurasa chache hakuhitaji kasi hiyo, na gigahezi 2.4 hupenya vizuri zaidi kuta za zege.

2. Weka ruta kwenye chaneli 1, 6 au 11, yoyote iliyo na msongamano mdogo. Mitaa kama Msimbazi na Kongo imebanana, maduka chini na makazi juu, na mawimbi ya ruta za majirani huingiliana.

3. Usitumie mtandao wa wageni. Mara nyingi huzuia vifaa kuonana.

4. Itengee printa anwani ya kudumu kwenye ruta. Umeme ukikatika na kurudi, inaweza kupewa anwani mpya, kompyuta ikaipoteza.

5. Badili nenosiri la kiwandani la Wi-Fi siku hiyo hiyo unapofunga ruta, maana mawimbi yako yanafika hadi kwa jirani.