Kutu, Kokoto na Mataruma: Majibu kwa Waundao Reli Ndogo

Barua zilizonifikia juu ya uundaji wa reli za kielelezo ni nyingi kuliko nilivyotaraji kutoka wilaya mbili zisizopitiwa na reli hata moja, na kwa kuwa nafasi ni finyu nimezichagua zile tu zilizonikera au kunitia hofu. Wanaouliza gundi huuzwa wapi na waende dukani.

Fundi, nimepaka reli zangu rangi nyekundu ya kutu juu na pembeni, na mataruma rangi ya mbao, walakini kila anayeziona husema hazifanani na za kweli. Nimekosa wapi?
*(Barua za namna hii zimetoka Kayanga, Nyaishozi na Kaisho, nazijibu kwa pamoja.)*

Mmekosa katika dhana, nayo imeenea mno: kwamba kutu ni nyekundu, na kwamba chuma kikizeeka huota kutu mahali pote sawasawa. Hasha. Kutu iliyo changa ndiyo yenye wekundu wa kuelekea rangi ya chungwa. Ikishanyeshewa na kuanikwa juani miaka na miaka, hugeuka kahawia iliyokolea, karibu na weusi. Fauka ya hayo, uso wa juu wa reli hauna kutu kabisa maadamu njia inatumika, kwa sababu magurudumu huusugua ukang'aa, na mng'ao wenyewe haujazi upana wote wa reli bali hufanya utepe mwembamba, ulioegemea kidogo upande wa ndani. Ile njia ya pembeni pa stesheni, ambako behewa huachwa msimu mzima bila kusogezwa, ndiyo ambayo uso wake huwa mwekundu, kwa maana kutu yake ni ya juzijuzi. Rangi, basi, hufuata kazi. Na mtu asiyejua njia yake inafanya kazi gani hana haki ya kushika brashi. Aliye na nauli na ashuke Kemondo, kusini ya Bukoba, bandari iliyotandikiwa reli za kupokea mabehewa yavushwayo ziwani kwa meli, ainame, atazame ubavu wa reli na uso wake, kisha arudi nyumbani akafute alichokipaka.

Ama mataruma, nani aliyewaambia kuwa lazima yawe ya mbao? Reli ya Kati, ambayo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905 wakaifikisha Kigoma mwaka 1914, na tawi lake la Mwanza lililofunguliwa mwaka 1928, zina mataruma mengi ya chuma, kwa kuwa mchwa wa bara hawana hila juu ya chuma. Yapakeni kahawia ile ile ya ubavu wa reli, isiyong'aa, iliyotiwa nyeusi kidogo. Futeni uso wa reli kwa kitambaa kilichoviringwa kibaoni kabla rangi haijakauka. Kisha pulizieni unga wa chaki ya kahawia kwa brashi kavu. Unga wa mkaa utieni katikati ya njia, tena pale stesheni tu ambapo kichwa cha treni husimama na kudondosha mafuta, si njia nzima.

Jirani amemwambia mwanangu alowanishe reli katika maji ya betri na chumvi ili zipate kutu ya kweli. Je, ni salama? (Mama wa Nkwenda)

Mama, mnyang'anye chupa hiyo leo, na jirani umwambie maji ya betri ni tindikali iunguzayo ngozi na kupofusha macho. Reli za kielelezo aghalabu ni za mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, hazioti kutu ya chuma hata zikilowekwa mwaka mzima. Ajabu ni kwamba watu wa namna hii hawakosi wasikilizaji.

Na oili chafu ya gari, nikimwaga ili ionekane chakavu?

Usithubutu: itanasa vumbi, na umeme hautapita.

Nimenunua reli ya milimita 16.5, kipimo cha 1:87, nataka kuunda Reli ya Kati. Mbona inaonekana pana mno?

Kwa sababu ni pana. Zidisha 16.5 kwa 87, utapata takriban milimita 1435, nao ndio upana wa reli mpya ya SGR, iliyoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024. Reli ya Kati ni ya mita moja, nayo kwa kipimo hicho yataka njia ya milimita 12. Reli ya TAZARA, yenye milimita 1067, huichukua hiyo hiyo. Maadamu umekwisha gharimika, unda SGR: mataruma ya zege ya kijivu kila baada ya milimita 7, reli zilizolehemiwa pasipo maungio ya bolti, na nyaya za umeme juu. Kutu ya uzee usiitie.

Kahawa iliyosagwa yafaa kuwa kokoto? Huku kwetu haitupungukii. (Omurushaka)

Itaota ukungu. Kokoto ya njia kubwa, yenye milimita 50 hivi, kwa kipimo cha 1:87 hubaki nusu milimita, na hapo ndipo wengi huharibu, wakitandaza changarawe ambazo kwa kipimo hicho ni majabali. Chekecha vumbi la mawe yaliyopondwa kwa chujio la chai, litandaze likiwa kavu, linyunyizie maji yenye tone la sabuni, ndipo udondoshe gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa. Vumbi jekundu la barabara zetu ni zuri likichujwa kwa kitambaa, ila mwenye kuunda stesheni ya Tabora asilitumie: kule ni mchanga.

Reli yangu haipendezi. Nifanyeje? (Murongo)

Barua kama hii sitaijibu tena. Atakayeandika na ataje kipimo, njia anayoiiga na kazi yake, na aambatishe picha iliyopigwa mchana.