Tujifunze Kupiga Picha

Sisi wanafunzi wa kupiga picha tulifanya kosa. Bibi yetu alikaa mlangoni, jua likiwa nyuma yake. Tukapiga. Uso ukatoka mweusi tii. Tukajaribu kuung'arisha kwenye simu, wapi! Zikatokea chengachenga tu. Bibi sasa hayupo. Picha yake ndiyo hiyo moja.

Ndugu msomaji, mwanga ukizidi nyuma ya mtu, kamera hupunguza mwanga wote. Uso hubaki gizani. Basi:

1. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini.
2. Mgeuze mtu aelekee mwanga. Jua kali? Mweke kivulini.
3. Bana viwiko mbavuni, mikono isitikisike.
4. Ukirekebisha picha, rekebisha nakala. Ile ya kwanza itunze.

Swali: Kwa nini uso wa bibi ulitoka mweusi?